Sayari Nane kwenye Barabara ya Busia

Nenda shule yoyote ya msingi kati ya Ahero na Mumias, zunguka upande wa madarasa ya juu, na hutakosa kuiona. Ukuta umepakwa chokaa. Juu yake fundi wa mabango amechora ramani ya Kenya, mifupa ya binadamu, jedwali la kuzidisha, na pembeni kabisa jua la manjano na sayari zilizopanga foleni. Zohali ina pete yake. Mirihi ni nyekundu, Mshtarii ya kahawia. Mara nyingi Pluto bado imo mwishoni, ingawa wanaastronomia wa dunia waliiondoa kwenye orodha ya sayari walipokutana Prague Agosti 2006. Fundi ana kielelezo chake cha miaka yote, na kielelezo hicho hakikualikwa Prague.

Hiyo ndiyo sanaa ya umma ya anga za juu tuliyo nayo magharibi mwa Kenya, nami siibezi. Nadhani imewafikia watoto wengi kuliko maonyesho yote ya sayansi yaliyowahi kufanyika Nairobi. Lakini ina kasoro ambayo hakuna brashi inayoweza kuirekebisha: ukuta ni mfupi. Chukua ukuta wa mita sita. Ukiliweka jua mwanzoni na Neptuni mwishoni, na ukataka masafa yawe ya kweli, Dunia itakaa sentimita 20 tu kutoka kwenye jua. Jua lenyewe litakuwa na upana usiofika milimita mbili, na Dunia haitaonekana kwa macho. Kwa hiyo fundi hudanganya, na hana budi. Anakuza sayari, anabana masafa, na mtoto anaondoka pale na majina manane kichwani na picha ya majirani waliopanga ploti moja.

Ajabu ni kwamba nchi hii si ngeni katika mambo haya. Roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kuanzia 1967 hadi 1988, chini ya mradi wa Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, iliruka kutoka pale setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei inayotoka angani. Ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkubwa hata nuru haiwezi kutoka. Mwaka 2017 tukaunda Shirika la Anga za Juu la Kenya. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, na Aprili 2023 Taifa-1 ikapaa kutoka California. Mkazi wa Kondele, mtaa wa Kisumu, aliyasikia hayo redioni, kati ya habari za bei ya mafuta na za soka, yakaishia hapo.

Na pale anga ilipomfikia mwananchi bila kupitia redio, ilimwangukia. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga likaeleza kwamba ni kipande cha roketi. Bahati nzuri haikumuumiza mtu. Naomba nisieleweke vibaya, lakini kile kilikuwa mojawapo ya vitu vichache sana vya anga ambavyo Mkenya wa kijijini ameweza kuvizunguka kwa miguu, kukadiria uzito wake na kubishania vilikotoka. Pete ile ilifanya kazi ambayo sanaa ya umma, isiyomtishia mtu maisha, ingepaswa kuwa imeifanya zamani.

Hapo ndipo ninaposimama. Sanaa ya umma kuhusu anga ina maana ikiwa ni kipimo. Ikiwa ni sifa, bora tuache.

Sifa tunaijua. Mnara wa Washindi wa Anga uliojengwa Moscow mwaka 1964, mita 107 kwenda juu, umefunikwa mabamba ya titani, na unapendeza kweli. Ukisimama chini yake unaelewa kwamba taifa fulani lilikuwa na nguvu. Kuhusu umbali wa jua huelewi chochote. Sisi tukiiga najua tutakapoishia: roketi ya faibaglasi kwenye mzunguko wa magari, gavana na kofia ya ujenzi, na bamba la marumaru ambalo maandishi yake makubwa kuliko yote ni jina la aliyezindua.

Eldoret ilionja hayo Agosti 2024. Mji ukijiandaa kupewa hadhi ya jiji, zilisimamishwa sanamu za wanariadha, watu wakazicheka mitandaoni hadi zikaondolewa. Wapo waliosema mitandao ina ukatili. Mimi niliona kwamba wakazi walikuwa na kipimo mkononi. Wanazijua sura za wanariadha wao, wanajua mkono unavyokaa mtu anapokimbia, kwa hiyo kazi mbovu haikupita. Katika habari za anga kipimo hicho hatuna, na ndiyo sababu mtu anaweza kutuuzia chochote, kuanzia utabiri wa nyota hadi mradi wa mamilioni, nasi tukapiga makofi.

Marekani nayo ilijisifu, ila kwa hesabu zaidi. Mwaka 1962 mkuu wa NASA, James Webb, aliruhusu mpango wa kuwaalika wasanii kuingia kwenye vituo vya kurushia roketi. Walilipwa dola 800, wakaachwa wachore walichokiona. Wengine walichora moto na moshi, wengine wakachora mafundi wamechoka. Hakuna aliyepewa michoro ya zabuni na kuambiwa aikamilishe kabla ya ziara ya mheshimiwa.

Iliyo karibu zaidi na ninachokitaka ni kazi ya Mwingereza Luke Jerram: mwezi wa puto, upana wa mita saba, uliochapishwa kwa picha halisi za NASA. Kila sentimita ya puto hilo ni kilomita tano za mwezi wenyewe. Maana yake shubiri moja ni kama safari ya Kisumu hadi Busia. Mtu akishaambiwa hivyo, haangalii tena pambo. Anatafuta ni shubiri ngapi kutoka upande huu hadi ule. Sweden wamekwenda mbali zaidi: jumba la duara la michezo jijini Stockholm ndilo jua, na sayari zimetawanywa kuelekea kaskazini kwa kipimo cha moja kwa milioni 20. Mji mdogo wa Ithaca, Marekani, una njia ya sayari tangu 1997, ya kutembea kwa miguu, kilomita moja na ushei.

Sisi tuna barabara ya Busia.

Chukua kipimo cha moja kwa milioni mia moja, yaani kila kilomita 1,000 za angani ziwe sentimita moja ardhini. Jua linakuwa na upana wa mita 14, na mahali pake ni uwanja wa michezo wa Kenyatta, katikati ya Kisumu. Si lazima liwe tufe. Duara la rangi sakafuni linatosha, na watoto watacheza ndani yake bila kusubiri uzinduzi. Zebaki ni tufe la sentimita tano, lililo mita 580 kutoka pale. Zuhura ni mpira wa sentimita 12, kilomita moja na kidogo. Kisha Dunia: sentimita 12.7, na umbali wake kutoka kwenye jua ni mita 1,496.

Yeyote aliyesoma shule za huku anaujua umbali huo kwa mapafu yake. Ni mbio za mita 1,500, pungufu ya mita nne. Faith Kipyegon, aliyekulia Keringet katika Kaunti ya Nakuru, aliukimbia huko Eugene, Marekani, Julai 2025 kwa dakika 3 na sekunde 48.68, rekodi ya dunia ya wanawake. Sasa ipunguze nuru kwa kipimo kilekile: badala ya kilomita 300,000 kwa sekunde inakwenda mita tatu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole kujenga mwili. Kutoka uwanjani hadi kwenye Dunia itachukua dakika 8 na sekunde 19. Kipyegon akivuka utepe, nuru haijafika nusu ya njia. Imeipita Zebaki, haijaiona Zuhura.

Nimekaa hapo kwa makusudi. Kila mtoto wa Kenya amekariri kwamba nuru ya jua hutufikia baada ya dakika nane, akaandika kwenye mtihani, akapata alama yake, akasahau. Hakuna mahali alipoambiwa azihisi dakika hizo. Mtoto huyohuyo anajua vizuri sana mita 1,500 zinavyouma kwenye mzunguko wa tatu. Unganisha hayo mawili mara moja tu, siku ya michezo ya shule, na hatakuwa na haja ya kukariri.

Tuendelee na safari. Mirihi iko kilomita 2.3, bado mjini. Halafu hakuna kitu. Unaupita uwanja wa ndege, na hadi kilomita 7.8 ndipo unapokutana na Mshtarii, tufe la mita 1.4 ambalo hata abiria wa dirisha la mwisho ataliona. Mtu akilalamika kwamba njia ni ndefu na haina cha kutazama, makanga amwambie ndivyo ilivyo huko juu. Zohali iko kilomita 14, mbele kidogo ya Kisian, na pete zake zitahitaji karibu mita tatu za nafasi. Barabara inapanda. Uranusi, nusu mita, iko kilomita 28.7, ukishaipita Maseno. Neptuni, kubwa karibu sawa na hiyo, inasimama kilomita 45, maeneo ya Yala. Baiskeli ya boda, zile zilizoanzia mpakani Busia, ikitoka uwanjani saa mbili asubuhi kwa mwendo wa nuru, yaani karibu kilomita 11 kwa saa bila kupumzika hata kwenye mlima wa Maseno, itafika Yala saa sita na dakika kumi.

Na bado hatujatoka nyumbani. Voyager 1, chombo kilichorushwa 1977 na kilicho mbali nasi kuliko kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu, kiko takriban kilomita bilioni 25 kutoka hapa. Kwa kipimo chetu hizo ni kilomita 250. Kutoka Kisumu kwa mstari ulionyooka hapo ni Kampala. Kila mwaka kinasogea kilomita tano na ushei zaidi. Ubavuni mwake kuna sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu kwa lugha 55, na mojawapo ni Kiganda. Kiswahili hakimo. Hilo huniuma kidogo, lakini nakubali kwamba kama salamu za kwetu zilibaki nyumbani, za jirani wa ng'ambo ya ziwa zimefika mbali vya kutosha. Alama ya Voyager ingewekwa Kampala, kwa wenyeji wa salamu, na kila mwaka isogezwe.

Nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, Proxima Centauri, ndiyo inayovunja hesabu. Hata baada ya kupunguza kila kitu mara milioni mia moja, ingebaki kilomita 400,000 kutoka Kisumu. Mwezi halisi, huo tunaouona usiku, uko kilomita 384,000. Hakuna barabara ya kuiweka nyota hiyo. Bango dogo pale Yala liseme hivyo tu.

Nirudi kwenye Dunia ya sentimita 12.7, maana ndiyo sanamu muhimu kuliko zote na ndiyo ambayo wapangaji wataipuuza kwa sababu ni ndogo. Mwezi wake, wa sentimita tatu na nusu, unakaa mita 3.8 pembeni. Mita hizo 3.8 ndizo mwisho wa safari zote za binadamu. Watu 12 wamekanyaga pale, kati ya 1969 na 1972. Lakini kwa watu wa ziwa, mambo yanayowahusu hasa yako karibu zaidi na mpira. Setilaiti za Landsat, ambazo picha zake zimetumika miaka mingi kufuatilia magugu maji kwenye Ghuba ya Winam, huzunguka kilomita 705 juu: milimita saba kutoka kwenye ngozi ya sanamu. Zile zinazopima kina cha Ziwa Victoria kwa rada tangu 1992 ziliruka kilomita 1,300 hivi: milimita 13. Setilaiti za hali ya hewa za Meteosat, zinazoangalia mawingu yetu mchana na usiku bila kuondoka mahali pake, ziko sentimita 36. Waya tatu nyembamba zilizochomekwa kwenye jiwe zingeonyesha hayo yote, na mvuvi wa omena akaona kwamba kitu kinachoiona dhoruba ya usiku ziwani kabla yake yeye hakiko huko kwa Mungu. Kiko urefu wa mkono kutoka kwenye mpira.

Dhoruba hizo si hadithi. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, mvua hujengeka upande wa milima, Kericho na Nandi. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu pande zote ukakutana katikati ya ziwa, na radi huanza wakati ambao taa za omena ziko kazini. Wavuvi wanalijua hilo kwa majina ya pepo zao. Setilaiti zinalijua kwa picha za kila dakika 15. Pale Dunga, ufuko wa Kisumu palipo na mitumbwi, wanunuzi wa samaki na vijana wanaoongoza wageni kwenye matete, ningependa kuona ujuzi huo wa aina mbili ukikaa kwenye ukuta mmoja, ukichorwa na mtu aliyekaa na wavuvi kwanza.

Na palepale Dunga nguzo ya kina cha maji. Iwe na alama ya 1964, maji yalipopanda sana; ya 2006, yaliposhuka hadi watu wakalima palipokuwa ziwa; na ya Mei 2020, yalipovunja rekodi na kuingia majumbani, kutoka fukwe za Kisumu hadi Budalang'i. Kuanzia 1992 mstari ukatwe kwa vipimo vya setilaiti. Hiyo ni sanaa ya anga isiyo na nyota hata moja. Wapo watakaosema haihesabiki. Nami nitawauliza ni sanamu gani ya mwanaanga ingemsaidia mtu wa Nyando kujua kwamba kuna jicho linaloona maji yakipanda.

Maseno kuna kibao cha ikweta. Watu husimama, hupiga picha, huondoka. Nguzo wima tu ingefanya kazi kubwa zaidi. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba jua hupita utosini kabisa na kivuli cha nguzo kikatoweka. Hakitoweki saa sita kamili, maana saa ya Kenya hufuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo hupita Somalia, nasi tuko magharibi mwake kwa zaidi ya nyuzi kumi. Machi kivuli kitaisha karibu saa sita na dakika 49, Septemba karibu saa sita na dakika 34. Wanafunzi wa vyuo vya pale wangeweza kusimamia jambo hilo mara mbili kwa mwaka bila bajeti. Na mtu anayesubiri kivuli chake kiishe aambiwe kwamba hapo aliposimama anabebwa kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, msukumo ambao ni sababu mojawapo ya Waitaliano kuja kurushia roketi Malindi.

Nakuru nisiipite kabisa. Tangu 2021 imo kwenye mtandao wa UNESCO wa majiji bunifu, kwa upande wa ufundi na sanaa za kienyeji, na Menengai iko pale juu ikingoja kutumiwa. Ila tahadhari: Menengai ni shimo la volkano, ilhali mashimo mengi ya mwezini yalichimbwa na vimondo. Mradi wowote utakaosema ukingo ule ni kama mwezi utakuwa umeanza na uongo.

Kuna swali ambalo litaulizwa, na ni haki liulizwe: hospitali hazina dawa, wewe unataka sayari? Sitajibu kwamba zitaleta watalii. Sijui ni nani aliyeamua kwamba kila kitu kizuri huku kwetu lazima kwanza kimfurahishe mgeni. Jibu langu ni kwamba anga tayari tunailipia. Taifa-1 iligharimu shilingi milioni 50. Je, ni nyingi au ni kidogo? Mkulima wa Ahero hana njia ya kujua, kwa kuwa hajawahi kuonyeshwa kitu kama hicho hukaa wapi wala huona nini. Anayelipa bila kipimo hawezi kuuliza swali la pili. Sanamu ya Dunia yenye waya tatu haitamfanya mhandisi, lakini itampa swali la kumuuliza mbunge.

Gharama nayo isitutishe kabla hatujaangalia mafundi tulio nao. Matufe ya sentimita 12 ndiyo kazi ya kila siku ya wachongaji wa Tabaka kule Kisii. Jiwe lao la sabuni hukatwa kwa panga, huchongwa kwa kisu, husuguliwa kwa msasa na maji hadi likawa laini kama ngozi. Zuhura, Dunia na Mirihi zingetoka pale kwa wiki moja, tena zenye rangi za mawe yenyewe, waridi na kijivu, bila kopo la rangi. Jiwe hilo ni laini, litakwaruzwa likiwekwa nje, na mimi sioni ubaya. Likichakaa linachongwa jingine. Mshtarii na Zohali ziachiwe waashi, kwa saruji. Mafundi wa jua kali wa Kibuye wangeweza kuzitengeneza kwa chuma, tena kwa ustadi, lakini chuma kando ya barabara huku hakilali siku mbili. Biashara ya vyuma chakavu ilishamiri kwa wizi hadi serikali ikaisimamisha kwa miezi kadhaa mwaka 2022, na pete za Zohali zingekuwa kwenye mizani mapema sana. Pete basi ziwe za zege, au zichorwe ardhini kuzunguka tufe, jambo ambalo pia lingewapa watu wa steji mahali pa kukaa.

Kazi ngumu iko kwenye makaratasi. Kutoka jua hadi Mirihi hutoki nje ya jiji la Kisumu, na uamuzi ni wa ofisi moja. Mbele ya hapo barabara ni ya kitaifa, iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Mshtarii na Zohali ziko Kaunti ya Kisumu. Uranusi inaangukia Vihiga, ikiwa utakubaliana na Vihiga kuhusu mpaka wa Maseno, suala ambalo kaunti hizo mbili hazijalimaliza na ambalo sayari isitumwe kulitatua. Neptuni ni ya Siaya. Ipo jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za ukanda wa ziwa, na sioni mradi mdogo na wa bei nafuu zaidi wa kuonyesha kwamba kaunti hizo zinaweza kukubaliana juu ya kitu kimoja. Ningetafuta barua hizo zote kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, kwa sababu Mshtarii ya tani tatu ikisimama kwenye hifadhi ya barabara bila kibali, tingatinga halitauliza kama ni sayari au ni kibanda cha mahindi choma.